Treni ya Tabora–Kigoma: fedha za kuokoa reli zilipindia Isaka

Anayetaka kujua kama serikali iliiokoa kweli Reli ya Kati asianzie kwenye hotuba. Apande treni Tabora, ashuke Kigoma. Ni kilomita 411 za reli ya zamani, ile inayoitwa MGR, yenye upana wa mita moja, njia moja tu ya kwenda na kurudi. Uhakiki huu ni wa kipande hicho peke yake. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ni huduma nyingine kabisa, na kuichanganya na hii ya Kigoma, Mwisho wa Reli, kumewapotosha wasafiri wengi wanaofika stesheni ya Tabora wakiulizia treni ya mwendokasi.

Alama kwanza, sababu zitafuata. Kwa kitanda na mzigo inastahili nyota nne kati ya tano. Kwa nauli, nne. Kwa kutunza saa, mbili. Kwa taarifa anazopewa abiria treni inapochelewa, moja. Mtu mwenye madumu matano ya mawese na siku mbili za nafasi apande bila wasiwasi. Mtu mwenye usaili wa kazi au miadi ya hospitali asubuhi ya pili apande basi.

Kwa nini huduma moja iwe na alama zinazopishana hivyo? Jibu liko kwenye namna ilivyookolewa. Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mikononi mwa Wajerumani. Hata MV Liemba, enzi hizo Graf von Goetzen, ilikuja kwa reli hii ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaungwa Kigoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ndipo likazaliwa shirika letu la reli. Miaka thelathini baadaye, Oktoba 2007, uendeshaji ukakabidhiwa kwa TRL, kampuni ambayo RITES, kampuni ya reli ya India, ilikuwa na asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba haukufika hata mitano. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, serikali ikalazimika kutoa fedha za kuilipa. Mwisho wa Desemba 2009 mafuriko yakang'oa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi treni ya abiria haikuweza kutoka Dar. Mwaka 2011 serikali ikazirudisha hisa zote mikononi mwake. Kisha Sheria ya Reli Na. 10 ya 2017 ikaunganisha RAHCO, iliyokuwa mmiliki wa njia, na TRL, iliyokuwa mwendeshaji, kuwa Shirika la Reli Tanzania.

Kuunganisha huko kulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote. Njia ikiwa ya huyu na treni ya yule, taruma, lile gogo linalobeba reli, likioza kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kampuni ya 2007 ilikodi vichwa vya treni kutoka India, lakini kichwa kizuri juu ya njia mbovu hakina haraka yoyote: dereva atatembea kwa mwendo alioruhusiwa na njia, si kwa mwendo alioruhusiwa na injini.

Ndipo tunafika Tabora, mahali ambapo fedha zenyewe ziligawanyika. Ukitoka Dar, hapo Tabora Mwanza ni kulia na Kigoma unanyoosha magharibi. Mradi mkubwa wa kuimarisha reli ya zamani, uliopata mkopo wa dola milioni 300 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2014, ulikuwa wa Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Lengo lilikuwa njia ibebe tani 18.5 kwa kila ekseli, yaani mhimili mmoja wenye magurudumu mawili. Isaka iko upande wa kulia, kwenye bandari kavu ya mizigo ya Rwanda. Mradi huo haukuelekea Kigoma. Upande wa Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza ukapata mabehewa: mwaka 2015 treni ya Deluxe ilianza na mabehewa mapya yaliyotengenezwa Korea Kusini. Behewa jipya lina kitanda kizuri na choo kisafi. Halinyooshi reli.

Hesabu ya ekseli inaonekana kavu, lakini ndiyo inayoamua bei ya chumvi ya Uvinza na saruji ya Kasulu. Behewa la mizigo lina ekseli nne. Ukipunguza tani moja kwa ekseli, umepunguza tani nne kwa behewa. Kwa treni ya mabehewa 20 ni tani 80 zilizobaki stesheni. Mafuta ya injini ni karibu yaleyale, mshahara wa dereva na gadi, msimamizi wa treni, ni uleule. Njia dhaifu inakula faida kabla treni haijaondoka.

Na udhaifu wa njia abiria anausikia mwilini. Treni ikiyumba kushoto na kulia kama mtumbwi, kwa kawaida kokoto chini ya mataruma zimejaa tope, maji hayapiti, taruma linacheza. Ikiruka juu na chini kwa mdundo mmoja, ni maungio ya reli yaliyolegea. Ikipunguza mwendo ghafla porini pasipo na stesheni, hapo pamewekwa agizo la mwendo mdogo kwa sababu ya kalvati, tuta au daraja linaloangaliwa. Kipindi cha masika maagizo haya huongezeka, hasa karibu na mabonde ya mto Malagarasi, kwa hiyo safari ya Machi na safari ya Agosti si safari moja. Si jambo la kubeza: Juni 2022 treni ya abiria iliyotoka Kigoma iliacha njia eneo la Malolo, Tabora, na watu wanne walifariki. Dereva akitembea polepole, mwacheni atembee polepole.

Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 35 hadi 40 kwa saa, Tabora–Kigoma ni saa 10 hadi 12. Hiyo ni pale mambo yanapokwenda sawa. Yasipokwenda, chanzo cha kwanza ni Tabora yenyewe. Treni iliyotoka Dar hukatwa hapa: mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma huku, na yanayoishia Mpanda hupelekwa mpaka Kaliua ndipo yakachukue tawi lao la kilomita 210. Kukata na kuunga si kazi ya dakika kumi. Kila behewa linasogezwa na injini ya stesheni, mabomba ya breki yanafungwa na kufunguliwa, kisha breki hupimwa kuanzia kichwani hadi behewa la mwisho kabla gadi hajatoa ruhusa. Kichwa kikiwa kimoja na treni mbili zinasubiri, moja itangoja. Usishuke kwenda mjini kula kwa kuona treni imesimama; muulize gadi, si abiria mwenzako, na umtajie namba ya behewa lako, kwa sababu behewa ulilopanda linaweza kuhamishwa jukwaa ukiwa unanunua asali.

Chanzo cha pili ni kupishana. Njia ni moja, kwa hiyo treni haiingii kipande kati ya stesheni mbili mpaka stesheni masta wa mbele athibitishe kwamba ni kitupu. Treni iliyo kwenye saa yake hupewa kipaumbele. Ukichelewa saa moja Tabora, unapoteza nafasi yako ya kupishana Urambo, unasubiri treni ya mizigo ipite. Ukifika Kaliua umekuta nyingine. Hivyo ndivyo saa moja inavyozaa tatu. Hakuna aliyelala kazini, ni hesabu ya njia moja. Kinachokera, na hapa nyota moja ndiyo stahili yake, ni kwamba stesheni masta anayo taarifa hii kwenye simu yake ya kazi huku abiria 300 wamekaa gizani hawajui kama wanangoja dakika 20 au saa nne. Kipaza sauti kimoja na mtu mmoja wa kusema kila nusu saa hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Tiketi. Nenda na kitambulisho, na hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kosa linalowagharimu watu zaidi ni saa na tarehe. Tiketi hutumia saa 24: 19:00 ni saa 1 usiku, 01:30 ni saa 7 na nusu usiku. Treni inayopita Tabora saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano ina tarehe ya Jumatano. Ukifika Jumatano jioni ukidhani ndiyo safari, treni yako iko Kigoma. Ratiba na siku za safari hubadilika, kwa hiyo soma ubao wa stesheni siku moja kabla, hata kama ulikata tiketi mtandaoni.

Kuhusu madaraja, ushauri ni huu. Daraja la kwanza la kulala lina vitanda viwili kwa chumba. La pili kulala lina sita, vitatu kila upande. Wanaume na wanawake hawachanganywi, isipokuwa familia au kikundi kikinunua chumba kizima. Familia ya watu watano inapata nafuu ikilipia vitanda vyote sita vya daraja la pili: mlango unafungwa, mzigo unakaa ndani, na mama anayenyonyesha ana faragha. Kitanda cha katikati ndicho bora kwa mtu mmoja. Cha chini mchana huwa kiti cha wote, na cha juu kina joto la bati mpaka usiku wa manane. Ukipata nafasi ya kuchagua chumba, chukua cha katikati ya behewa. Vya pembeni viko juu ya magurudumu na karibu na choo. Daraja la tatu ni la kukaa. Kwa saa 12 linavumilika kwa kijana mwenye afya, si kwa mzee wa miguu inayovimba.

Beba kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 40 hivi cha kukazia dirisha lisifunguliwe kutoka nje. Wezi wa stesheni hawapandi treni, wananyoosha mkono. Simu inayochajiwa kando ya dirisha huondoka treni inapoanza kutembea, wakati huwezi kushuka. Beba pia shuka zito Juni na Julai, maana usiku wa Tabora miezi hiyo una baridi kali, lita tatu za maji ya kunywa, na kopo. Tangi la maji la behewa hujazwa stesheni kubwa. Likiisha katikati ya pori hakuna pa kuliongeza. Chaji simu kabla ya kupanda, mtandao hukatika kwenye mapori.

Chakula cha behewa la chakula ni cha kawaida: wali, ugali, kuku, nyama, chai. Agiza mapema. Lakini anayekula ndani tu anaikosa nusu ya huduma hii, kwa sababu stesheni zenyewe ni jiko. Tabora ni asali. Nguruka ni samaki wa ziwa Sagara na mabwawa ya Malagarasi, wabichi kwa wakavu. Chagua aliyekaushwa mpaka ubavu unakatika, aliye laini ataoza kabla hujafika. Ukikaribia Kigoma ni mawese, ndizi, migebuka. Shika fedha ndogondogo mkononi, si noti ya elfu kumi: treni husimama muda mfupi na chenji haikimbii.

Sasa mzigo, na hapa ndipo treni inapolishinda basi bila ubishi. Kila daraja lina uzito wa bure. Unaozidi hupimwa kwenye mizani ya parseli na kulipiwa. Wafanyabiashara wengi hulipa zaidi ya walivyopanga kwa sababu wanahesabu lita, mizani inahesabu kilo. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu hilohilo la asali linafika kilo 28. Ukipeleka Kigoma madumu kumi ya asali ya Sikonge ukidhani ni kilo 200, jiandae kulipia 280.

Mawese yafungwe hivi: jaza dumu mpaka ibaki nafasi ya vidole vitatu, kwa sababu mafuta hutanuka kwenye joto la mchana na kusukuma kifuniko. Weka kipande cha nailoni mdomoni, kaza kifuniko juu yake, kisha funga kwa mpira wa tyubu. Yakiganda usiku usihangaike, yataachia asubuhi. Lakini usiwashe moto karibu na dumu la plastiki Tabora ili kuyayeyusha haraka, plastiki hulainika kitako na dumu linapasuka likinyanyuliwa. Asali isiwekwe kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au mawese hata likioshwa kwa majivu. Harufu hutoka siku ya tatu na mnunuzi anakataa shehena nzima. Chumvi ya Uvinza iwe na mfuko wa nailoni ndani ya kiroba, na isikae sakafuni, kwa sababu hunyonya unyevu na mfuko wa kilo 50 ukilowa hushikamana kama jiwe. Dagaa wakauke kweli. Kiroba cha dagaa wabichi nusu kikikaa saa 15 kwenye behewa la parseli hutoa joto lenyewe, na chini utakuta uji.

Andika jina na stesheni ya kushukia kwa rangi, pande mbili. Karatasi hung'oka. Kama mzigo unabadilisha behewa Tabora, andika pia "kupitia Tabora", maana mizigo mingi inayosemekana imepotea imelala kwenye ghala la Tabora ikisubiri mtu ajue inakwenda Mwanza au Kigoma.

Basi je? Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi na lami iliyofika sehemu kubwa ya njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza vimebadilisha mambo. Basi linakwenda mchana, unafika siku hiyohiyo. Kwa mtu mwenye begi moja, basi limeshinda kwa muda, na reli isijidanganye. Kwa mgonjwa anayehitaji kulala, kwa mama mwenye watoto watatu, kwa mwenye gunia kumi, bado treni.

Kila uchaguzi reli hii hugeuzwa rungu. Upande mmoja unasema ninyi ndio mlioiua, upande wa pili unajibu sisi ndio tulioifufua, na mpiga kura wa Nguruka anabaki na picha mbili za treni ileile. Amuulize kila anayesimama jukwaani maswali matatu: kipande kipi kilitengenezwa, kwa tani ngapi kwa ekseli, na treni ilifika kwenye saa yake mara ngapi mwezi uliopita. Ana haki ya kuuliza hata kama hajawahi kukata tiketi, kwa sababu tangu 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoagizwa nje, iliyoanza kwa asilimia 1.5. Aliyenunua bati la China au simu Kigoma ameichangia reli.

Wapo wanaosema serikali ingeiacha ife, au iuze inapozaa faida. Huelekeza Marekani: kampuni ya reli ya Penn Central ilifilisika 1970, serikali ikaunda nyingine, Conrail, iliyoanza kazi Aprili 1976, na 1987 ikaiuza kwenye soko la hisa. Ni kweli, lakini Conrail iliponea kwenye mambo mawili: ilikata matawi yasiyolipa, na sheria ya 1980 ikaipa uhuru wa kupanga bei za mizigo. Tukikata matawi yasiyolipa kwa kipimo hicho, wa kwanza kukatwa ni Mpanda na wa pili ni Kigoma. Wanaopendekeza hivyo waseme mkulima wa tumbaku wa Kaliua na mchuuzi wa chumvi wa Uvinza wapitishe wapi tani zao, na lami itadumu miaka mingapi chini ya malori hayo.

Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishana, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni mbili za China. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435 na haitumii hata taruma moja pamoja na hii ya zamani. Hatari yake ni hiyo: fedha na mafundi wakihamia upande mpya kabla treni mpya haijabeba mtu, ya zamani itabaki na viraka. Kokoto, mataruma na mifereji ya maji kati ya Kaliua na Uvinza viendelee kuhudumiwa mpaka siku ya mwisho ya kazi yake.

Ukifika Kigoma, stesheni iko chini kabisa mwa mtaa wa Lumumba, bandari iko jirani. Usikimbilie bodaboda. Nenda kwanza dirisha la parseli na risiti yako, hesabu vifurushi mbele ya karani, tikisa kila dumu, na kama kimoja kimevuja au kimepungua, kiandikwe kwenye kitabu chao kabla hujasaini. Ukishasaini, mzigo ni wako kama ulivyo.